Alhamisi za Haji Bayumi

Mama alisema hahudhurii arobaini ya baba mpaka aambiwe marehemu alikuwa anakwenda wapi kila Alhamisi. Alilisema hilo mbele ya shangazi zangu wawili na shehe tuliyemwita kupanga khitma, tena kwa sauti ile ile anayoagizia vitunguu sokoni. Shehe akaangalia soksi zake. Shangazi mkubwa akaanza kulia upya, safari hii kwa aibu.

"Ratiba, mumeo amekufa," akamwambia. "Muachie Mungu."

"Najua amekufa. Si ndiyo maana hawezi tena kunijibu? Basi mwanawe atanijibu. Mimi sikai mkekani kumsomea mtu nisiyejua alikuwa mume wa wangapi."

Mwanawe ndiye mimi, Wagdi, wa pekee. Nina duka la dengu za kukaanga na halua karibu na msikiti wa Sayyid Badawi hapa Tanta, Misri, na mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Gunia la dengu likifika dukani nalipima upya mbele ya aliyelileta, na akinuna nalipima mara nyingine. Tabia hii nimeitoa kwa baba. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni maisha yake yote, na angeweza kumwamsha mzee aliyelala fofofo ili aione tiketi ambayo alishaiona. Mama naye aliambukizwa kwa kuishi naye. Nyumbani kwetu ukisema unakwenda kununua mkate, unaulizwa mkate gani, kwa nani, na mbona umevaa shati hilo.

Lakini Alhamisi za baba hakuna aliyezishuku alipokuwa hai. Tangu astaafu, kila Alhamisi baada ya kunywa chai alichukua ufunguo wa Fiati yake kuukuu, akasema, "Napeleka gari kwa fundi," akarudi magharibi akinuka oili. Mama alimtazama kutoka dirishani mpaka gari likate kona. Nani atamshuku mtu anayenuka oili?

Mambo yaliharibika mama aliponiachia gari, nami nikajaribu kuliwasha. Halikutoa hata kikohozi. Nikafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukungu mweupe na kijani, mnene, wa miaka. Nikaviosha kwa maji ya moto na magadi, nikavikwangua kwa kisu, nikakaza. Likawaka, likatetemeka, likatoa moshi uliowafanya majirani wafunge madirisha. Sikufika hata mwisho wa mtaa, sindano ya joto ikapanda na mvuke ukaanza kutoka. Maji ya rejeta yalikuwa mekundu kama yamefuliwa matofali. Nikavuta kijiti cha oili: oili ilikuwa nzito na nyeusi kama ile asali ya miwa tunayolia mkate asubuhi.

Nikapanda ngazi nikamwambia mama jambo ambalo ningelimeza laiti ningekuwa na akili. "Mama, gari hili halijaguswa na fundi tangu enzi na enzi."

Alikuwa anachambua mchele. Akaacha.

"Kila Alhamisi?" akasema.

Sasa mnaelewa.

Nililipeleka gari likivutwa kwa kamba hadi mtaa wa mafundi, kwa fundi Shaltut, ambaye baba alikuwa akimtaja. Ni pande la mtu, mwenye masharubu yaliyochongwa kwa uangalifu ambao nilitamani angeutumia kwenye magari. Alipoliona gari akavua kofia, akasoma Fatiha kimoyomoyo, akanikumbatia. Mimi nikajiuliza: mbona huyu ana huzuni kuliko ndugu?

"Haji alikuwa baba yetu hapa," akasema. "Hili gari, ushauri wangu, liuze hivi hivi. Usijisumbue kulifungua."

"Kwa nini nisilifungue?"

"Nakuhurumia wewe."

"Usinihurumie, fundi. Fungua."

Huku kwetu mtu haachi gari kwa fundi akaenda zake. Mwenye gari hukaa mlangoni, akaletewa chai, akatazama kila nati inayolegezwa, na kila kifaa kinachotolewa akakidai mkononi, asije akabadilishiwa kizima kwa kibovu. Nikatafuta pa kukaa. Kulikuwa na kiti cha mbao chenye mto, kimewekwa pazuri, ubavuni mwa shimo la kufanyia kazi. Nilipokiinamia, mtaa mzima ukanyamaza. Fundi wa betri aliyekuwa ng'ambo akaacha kupiga mluzi.

"Hicho cha Haji," Shaltut akasema taratibu. "Lakini wewe ni mwanawe. Kaa."

Nikakaa. Kwa hiyo baba alikuwa anakuja hapa kweli. Tena ana kiti chake. Sasa mtu anakaa karakana siku nzima, kila wiki, na gari lake linaoza mlangoni, inakuwaje? Hesabu ilikataa. Nikaona kuna njama: anaacha gari hapa liwe ushahidi, anapita mlango wa nyuma, anakwenda kwake kwingine, jioni anarudi kujipaka oili.

Siku hiyo Shaltut alitoa plagi zote nne, nyeusi tii, akaweka mpya. Alimwaga yale maji mekundu, akafungua kibweta cha themostati, kile kizibo kinachoongoza maji ya kupozea injini, akanionyesha: kitupu. Hiyo ni kawaida yetu, tunaitoa tukidhani ndiyo inayochemsha injini, kumbe kosa ni la rejeta iliyojaa kutu. Akaitoa rejeta ipelekwe kuzibuliwa. Akabadilisha mkanda wa feni uliopasukapasuka. Kazi yake ilikuwa safi, na hilo ndilo lililoniudhi. Huyu si fundi mbovu. Basi kwa nini?

Alipofika kwenye kabureta nikaruka kitini. Kile kifimbo kinachovutwa na pedali ya mafuta kilikuwa kimeshikiliwa na kibanio cha nywele. Kibanio cha mwanamke, cha rangi ya dhahabu, kimekunjwa vizuri mwishoni.

"Hiki nini?"

"Pini ilidondoka," akasema Shaltut. "Tukaweka hicho. Nusu ya magari ya mtaa huu yanatembea kwa vibanio, kaka."

"Vya nani?"

"Vya nani vipi?"

"Nywele za nani, fundi?"

Akacheka, akaniona uso, akaacha kucheka. "Ngoja nilete pini mpya," akajisemea mwenyewe, akaenda kuitafuta. Kibanio nikakitia mfukoni.

Mama alikitazama chini ya taa kwa muda mrefu. "Mimi nabana kwa vyeusi," akasema. "Tangu niolewe." Kisha akakitupa mezani kama kitu chenye moto, akaingia chumbani, na nikasikia kitasa kikifungwa kwa ufunguo. Nilikaa pale mezani nimejaa hasira na kila mtu, marehemu akiwa wa kwanza. Arobaini ilikuwa Ijumaa, wageni wameshaalikwa hadi kutoka mji wa Mahalla, na mwenye msiba hataki kutoka.

Asubuhi yake nilifika kwa Shaltut nimeshajipanga. Sikumsalimia. Nikamwekea kibanio juu ya boneti.

"Mama hakijui hiki."

Akakitazama, akanitazama mimi, akavuta droo ya meza yake ya kazi. Ilikuwa na vibanio tele, vya dhahabu, pakiti kwa pakiti. "Nanunua kwa muuza mapambo," akasema. "Ni waya mzuri, haukatiki. Chukua umpelekee mama akabanie."

Mafundi wakacheka. Nilihisi masikio yakiwaka, lakini sikuridhika. Mtu mjanja angejaza droo vile vile.

"Na pini ilidondoka lini?"

"Mwaka juzi hivi. Lilinizimikia pale kwenye daraja, ikabidi niunge hapo hapo."

"Lilikuzimikia wewe?"

Shaltut akainama akaanza kulegeza nati za tairi la mbele, akijifanya nati hizo ni ngumu sana.

"Fundi. Wewe ndiye ulikuwa unaendesha gari la baba?"

"Nilikuwa nalijaribu."

"Kulijaribu nini, wakati hukulitengeneza?"

Akavuta tairi. Sijui kama alitaka nione au alitaka tu kubadilisha mazungumzo. Pedi za breki zilikuwa zimekwisha mpaka chuma kimelamba chuma, sahani imechimbika mifereji. Pistoni ya upande wa kushoto ilikuwa imekwama kwa kutu, ndiyo maana kila ukikanyaga gari linataka kukupeleka pembeni. Mimi sijasomea magari, lakini hilo hata mtoto anajua: gari la namna hii linaua. Na ubavu wote wa kulia, kuanzia taa hadi mlango wa nyuma, ulikuwa umekwaruzwa, mstari juu ya mstari, mingine mipya, mingine imeshaota kutu.

Hapo nikashindwa kujizuia.

"Baba yangu alikuwa anakuja kwako kila Alhamisi, na hiki ndicho ulichomfanyia? Wewe au ni mwizi au ni kuwadi. Chagua mwenyewe!"

Fundi wa betri akavuka barabara. Shaltut alisimama polepole, mikono imejaa grisi, na kwa kweli niliogopa, kwa sababu angeweza kunikunja akaniweka kwenye buti.

"Tusi la kwanza nimelisikia kwa wengi," akasema. "La pili rudia."

"Alikuwa na mwanamke. Gari linakaa hapa, wewe unamfichia, na wewe unaliendesha kwenda kumchukua. Mama yangu amejifungia chumbani. Ijumaa ni arobaini na hataki kutoka. Niambie yuko wapi huyo mwanamke!"

Huwezi kuamini, na mimi mwenyewe ningemshuku mtu angenisimulia, lakini ndipo alipoingia mwanamke. Alikuja na kigari kidogo cha kusambazia maziwa, klachi ikilia, akakizima katikati ya mlango na kushuka akiwa na mafurushi ya safari. Mama wa makamo, mnene, ana sauti ya kuitia watu ghorofani.

"Shaltut! Klachi imeniua njia nzima kutoka Aleksandria. Binti kajifungua salama, dume. Haji yuko wapi? Sikuachii gari mpaka nimwone Haji kitini."

Akaniona mimi karibu na kile kiti. Akaangalia nyuso. Fundi wa betri akamwambia, "Mungu akupe subira, Mama Fikriya."

Akajipiga mashavu. Akakaa chini pale pale kwenye sakafu yenye oili na gauni lake zuri, akalia kwa sauti. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu ulifurahi. Nimempata.

"Wewe ni nani kwa baba yangu?" nikamuuliza.

"Mimi nani kwake?" Akaninyanyulia macho yamejaa machozi. "Mimi mwenye gari!"

"Gari gani?"

"Hilo hapo, huoni? Mume wangu alipofariki nikabaki na hilo gari na mafundi wa mtaa huu, wananibadilishia vitu kama nguo. Nitakaaje hapa kutwa, na maziwa atauza nani? Haji akasema, nenda kauze, nitakukalia. Akakaa. Akadai kila kibovu mkononi, akanikabidhi kwenye mfuko. Tangu siku hiyo gari langu halijaibiwa hata nati. Na si langu tu. Muulize daktari wa meno, muulize wale walimu wawili wenye lile gari la bluu. Kila asiyeweza kukaa, Haji alimkalia. Alhamisi ilikuwa siku yetu." Akajifuta pua kwa mtandio. "Na wewe ndiye Wagdi? Alikuwa anasema mwanawe ana kipimo cha haki kuliko vyote Tanta."

Nilibaki nimesimama kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Kifua kikanipanuka, baba yangu, mlinzi wa wajane na walimu! Halafu lile swali likarudi, na safari hii lilikuwa chungu zaidi.

"Basi mbona lake aliliacha lioze?"

Mama Fikriya hakujua. Akamtazama Shaltut. Shaltut akawaambia mafundi warudi kazini, akatuvuta ndani, akanifungulia kigoda nikae, naye akaketi sakafuni.

"Nilimwapia," akasema. "Lakini alinifunga mdomo ili mama yako asihuzunike, si ili amchukie. Haji alikuwa haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni. Ile miaka ya mwisho alikuwa anajua mwanga na kivuli, basi. Gari alilitoa mlangoni kwenu kwa mazoea, uchochoro ule umenyooka, anaufuata ukuta wa kulia. Ndiyo hiyo mikwaruzo. Mimi nilikuwa namngoja pale kona, anahamia kiti cha pili, naendesha. Jioni namrudisha kona, analiingiza mwenyewe. Nilikuwa nasimama pale nasoma kila dua ninayoijua mpaka nisikie injini imezimwa."

"Na hapa akawa anatazama nini?" Mama Fikriya akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikudhani anayo.

"Anasikia. Spana ya kumi na tatu inalia tofauti na ya kumi, alikuwa anazijua zote. Kifaa kikitoka anakipapasa, anakinusa. Ukimpa kingine anakurudishia."

Nilipaswa kunyamaza. Sikunyamaza. "Na wewe, Shaltut, umekaa na kipofu kitini miaka yote hiyo. Wangapi uliwaibia?"

Alinitazama bila hasira, na ingekuwa afadhali kama angenipiga. "Mwanzo nilikuwa naogopa macho yake," akasema. "Baadaye niliogopa kitu kingine. Ningebadilisha bolti moja tu, mtu akagundua, wangesema Haji haoni. Basi tukawa waaminifu sote, mtaa mzima. Kila mtu hapa anajua. Hakuna aliyesema."

"Na gari lake?"

"Nilimwomba, wallahi. Mara ngapi! Nilimwambia, Haji, breki zitakuua, leo tufanye lako. Ananiambia: 'Na mimi nani atanikalia?' Hakuamini mtu amfungulie gari lake pasipo kuonwa. Nikamwambia, mlete Wagdi akae. Akasema, 'Wagdi ataniuliza kwa nini siwezi kukaa mwenyewe.'"

Nilikaa pale mpaka pedi mpya zikafungwa, pistoni ikalegezwa na kusuguliwa, rejeta ikarudi, oili mpya ikamiminwa. Sikutazama nati hata moja. Alinipa mfuko wa vibovu nikakataa kuuchukua, akanilazimisha.

Mama alinifungulia mlango kwa ufa. "Jina lake nani?" akauliza.

Nikamweleza pale pale mlangoni, kwa sababu hakunikaribisha ndani. Nilipofika kwenye ukuta wa kulia akashika kitasa.

"Kila jioni," akasema, "alikuwa ananiuliza, 'Ratiba, leo umevaa nini?' Mimi nikaona ananishuku. Nimetoka wapi, nimejipamba kwa ajili ya nani. Miaka yote hiyo. Unajua nilikuwa namjibu nini? Namwambia, 'Kwani huna macho?'"

Akarudi kitandani akakaa, mikono mapajani.

"Kila jioni, Wagdi. Na yeye anacheka."

"Mama..."

"Afadhali angekuwa mwanamke," akasema, na sasa alikuwa amekasirika kwelikweli. "Mwanamke ningemtukana, ningemlaani, mwisho ningesamehe. Fundi! Kamwambia fundi, mtaa mzima, hajaniambia mimi. Mimi ningemfanya nini?"

Sote wawili tulijua angemfanya nini. Angemuuliza maswali.

Ijumaa alitoka. Aliketi mkekani na wanawake kuanzia mwanzo wa khitma hadi mwisho, hakumjibu mtu zaidi ya salamu. Jioni akaniambia nimpeleke makaburini. Gari liliwaka mara moja, breki zikashika sawasawa, na njia nzima hakunikosoa hata kwenye kona. Nilisimama nyuma yake wakati anasoma Fatiha. Alipomaliza nikadhani tunaondoka, lakini akainama, akaweka kiganja kwenye ukingo wa kaburi.

"Nimevaa nyeusi, Bayumi," akasema. "Ile ya mikono mirefu, yenye vifungo vya kitambaa. Mtandio ni wa kijivu. Viatu ni vile vya msiba wa dada yako. Nimesuka nywele. Sikujipamba."

Akaendelea kumwelezea, taratibu, kitu kimoja kimoja.